Kutembea kwa viatu vya theluji juu ya mgongo wa mlima: mwongozo kamili kwa kundi la marafiki

Mgongo wa mlima, yaani ukingo mrefu wa juu ambako miteremko ya pande mbili hukutana, una faida moja kubwa wakati wa majira ya baridi: theluji huporomoka kutoka kwenye miteremko, na wewe unapita juu yake. Tatizo ni kwamba hakuna anayezaliwa juu ya mgongo. Lazima upande kuufikia na ushuke kuuacha, na ukishafika huko hakuna mti wala ukuta wa kukukinga upepo. Kwa hiyo safari ya namna hii ina hatari mbili zisizofanana, moja ya njiani na nyingine ya juu, na kila moja ina maandalizi yake. Hatari ya tatu mnaibeba wenyewe: marafiki wanaoogopa kuharibiana siku. Hiyo nitaigusa mara nyingi kuliko zile mbili, kwa kuwa haimo kwenye ramani wala kwenye utabiri wa hali ya hewa.

Viatu vya theluji ninavyovizungumzia ni vile vipana vinavyofungwa chini ya buti la mlimani ili mguu usizame. Mwongozo huu ni wa safari ya siku moja, kwa watu wenye miguu ya kutembea saa tano au sita, kwenye mgongo mpana usiohitaji kamba. Mgongo mwembamba wenye barafu ngumu pande zote mbili unataka meno ya chuma ya kupandia barafu, shoka la barafu na mafunzo. Huko viatu vipana ni mzigo tu.

Kaeni kikao kwanza

Watu watatu ndio mwanzo wa kundi. Mkiwa wawili, mmoja akateguka kifundo cha mguu na simu haina mtandao, mwenzake atachagua kati ya kumwacha peke yake kwenye baridi na kukaa naye bila msaada. Mkizidi sita, kila kusimama kunachukua robo saa: huyu anavua koti, yule anatafuta glavu, na aliyetangulia kusimama tayari anatetemeka.

Kikao chenyewe kinaweza kuwa cha dakika kumi kwa simu. Ulizaneni bila aibu: nani ana goti bovu, nani vidole vyake hufa ganzi upesi, nani hajawahi kuvaa viatu hivi, nani ana miadi jioni. Huyo wa miadi msimpuuze. Ndiye atakayekuwa anatazama saa kila mara na kupendekeza njia ya mkato. Mwendo wa kundi ni mwendo wa mtu wa mwisho, na njia ichaguliwe kwa ajili yake.

Kisha kubalianeni mambo matatu na myaandike kwenye ujumbe wa kundi. La kwanza ni saa ya kugeuza: ikifika mnarudi, popote mlipo, hata kama kilele mnakiona. La pili, neno la mtu mmoja yeyote linatosha kulirudisha kundi zima, naye hadaiwi maelezo. La tatu ni njia mbadala iliyo rahisi zaidi, inayoanzia karibu na ile ya kwanza. Hili la tatu watu huliruka, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu kundi lenye mpango mmoja tu litautetea mpango huo mbele ya ushahidi wowote. Wenye mpango wa pili hubadilisha njia asubuhi huku wanacheka.

Penye wengi pana mengi, lakini penye marafiki wengi mara nyingi pana kimya. Kila mmoja ana wasiwasi kidogo, anawatazama wenzake, anaona wametulia, anaamua kwamba wasiwasi ni wake peke yake. Wenzake nao wanamtazama yeye. Ndiyo maana kimya kisihesabiwe kuwa ni ridhaa. Ulizaneni kwa majina: "Wewe unaonaje?"

Chagua njia kwa ramani na rula

Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko yenye mwinuko wa kati ya nyuzi 30 na 45. Chini ya nyuzi 30 ni nadra theluji kukatika. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:25,000, mteremko wa nyuzi 30 hupanda mita 100 ndani ya takriban milimita 7. Chukua rula. Ukikuta mistari ya kontua (ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja) inayojumlisha mita 100 imebanana ndani ya nafasi ndogo kuliko hiyo, mteremko umezidi nyuzi 30 na njia yako itafutwe pengine. Ramani nyingi za simu siku hizi hupaka rangi miteremko mikali, nazo zinasaidia sana. Lakini ramani ya aina yoyote huficha vikorongo vidogo, na korongo lenye kingo za mita kumi na tano linatosha kumfukia mtu.

Usipime tu pale mtakapokanyaga. Mnaweza kuwa mnatembea bondeni, mahali tambarare kabisa, huku juu yenu kuna mteremko wa nyuzi 38 uliobeba theluji ya juzi. Ikikatika itawafuata mlipo, na wakati mwingine hukatishwa na hatua za watu walio chini yake. Kwa hiyo njia nzuri ya kuufikia mgongo mkuu ni kijigongo cha pembeni kinachoshuka taratibu, au msitu mnene. Msitu ambao mnaweza kupita watatu bega kwa bega kati ya miti si mnene wa kutosha kuishika theluji.

Sasa muda. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni kwa njia kavu. Kwa viatu vya theluji mimi huhesabu kilomita 3 kwa saa na mita 300 za kupanda kwa saa. Njia ya mzunguko ya kilomita 8 yenye kupanda kwa mita 600 ambayo Naismith angeimaliza kwa saa 2 na dakika 36, hapa inakuwa saa 4 na dakika 40. Ongeza muda wa kula na kupumzika, unakaribia saa 6. Theluji ikiwa mpya na ya kufika magotini, hesabu hiyo inaweza kuongezeka maradufu, na siku za majira ya baridi ni fupi. Hesabu kurudi nyuma kuanzia machweo, acha saa mbili za akiba, na hapo ndipo utaipata saa yenu ya kugeuza.

Weka pia alama kwenye ramani mahali ambapo mnaweza kuuacha mgongo na kushuka salama kabla ya mwisho wa njia. Migongo mingine haina hata sehemu moja ya namna hiyo kwa kilomita kadhaa. Hiyo peke yake inatosha kuifanya njia isifae siku ya utabiri wa mashaka.

Soma hewa na theluji kabla ya siku yenyewe

Anza kufuatilia utabiri siku tatu au nne kabla. Utakachokanyaga Jumamosi ni matokeo ya Jumatano: theluji ngapi imeanguka, upepo umevuma kutoka wapi, joto limepanda au limeshuka. Hakikisha utabiri unaousoma ni wa mwinuko wa mgongo, maana joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Bondeni kukiwa na nyuzi 3 juu ya sifuri, mita elfu moja juu yake kuna nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri kabla hujahesabu upepo.

Nao upepo uhesabu. Nyuzi 10 chini ya sifuri zikiambatana na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni nyuzi 21 chini ya sifuri. Utabiri wa mgongoni ukizidi kilomita 50 kwa saa, huwa sibishani nao: tunakwenda njia mbadala ya msituni.

Maeneo mengi ya milima yenye watalii wa majira ya baridi hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko, yenye ngazi tano. Ngazi ya 3 ndiyo inayopotosha watu, kwa sababu iko katikati ya 1 na 5 na inasomeka kama "wastani". Sivyo. Hatari haipandi kwa ngazi sawasawa, na katika ngazi ya 3 mtu mmoja anaweza kabisa kuikata theluji kwenye miteremko mikali. Kundi jipya lisiende kwenye mgongo ulio wazi siku ya ngazi ya 3, isipokuwa njia nzima, pamoja na miteremko iliyo juu yake, ina mwinuko mdogo. Ngazi ya 4 na ya 5 kaeni nyumbani. Usiishie kwenye namba pia: taarifa hueleza mwinuko upi na upande upi wa mlima ndio mbaya. Linganisha maelezo hayo na njia yako, upande kwa upande.

Saa 24 hadi 48 baada ya theluji nyingi au upepo mkali ndizo za kuogopa zaidi. Bahati mbaya ndizo pia ambazo anga husafika na kila mtu anataka kupiga picha.

Viatu, magongo na namna ya kuvifunga

Kiatu cha theluji hufanya kazi kwa kutawanya uzito wako kwenye eneo kubwa. Wazo hilo ni la kale: kiatu kilichotolewa mwaka 2003 kwenye barafu ya mpakani mwa Italia na Austria, mita 3,134 juu ya usawa wa bahari, kilikutwa kina umri wa karibu miaka 5,800. Kilikuwa mti uliopindwa duara na kufungwa kamba. Vya leo ni aluminiamu au plastiki, vina meno ya chuma chini ya kidole gumba, na vingi vina waya wa kuinua kisigino wakati wa kupanda.

Ukubwa huchaguliwa kwa uzito wako pamoja na nguo na begi. Urefu wa sentimita 55 hivi hutosha mtu mwepesi au theluji iliyoshindiliwa. Mtu mzito kwenye theluji laini anahitaji 75 au zaidi. Ukiwa kati ya saizi mbili na njia ni ya mgongoni, chukua fupi. Kwenye miinuko, kiatu kirefu humchosha mtu nyonga na huteleza anapokwenda ubavuni mwa mlima. Kuazima au kukodi kwa mara ya kwanza kunafaa kabisa. Ninachosisitiza ni meno ya pembeni: mengine huwa mafupi ya urembo, na hayo mgongoni hayakushiki.

Jizoeze kufunga na kufungua ukiwa nyumbani, umevaa glavu nene. Mikanda inayoonekana rahisi sebuleni huwa kitendawili kwenye upepo, ikishaganda. Sehemu pana ya wayo, nyuma ya vidole, ikae juu ya mhimili wa kiatu, na ncha ya buti isiguse fremu. Kisigino kiwe huru kuinuka. Magongo mawili ni ya lazima, yenye vikombe vipana chini ili yasizame. Na ziba mdomo wa buti kwa kitambaa cha kufunga kuanzia kwenye kamba za buti hadi chini ya goti, la sivyo theluji itaingia kwenye soksi ndani ya nusu saa.

Nguo: adui ni jasho

Wageni huja wamevaa kwa ajili ya kusimama, kisha wanapanda mlima. Baada ya dakika ishirini wamelowa, na maji hayo ndiyo yatakayowagandisha juu ya mgongo wa mlima. Kanuni ni kuanza safari ukiwa unahisi baridi kidogo. Ukiwa na joto la kupendeza pale maegeshoni, umevaa kupita kiasi.

Vazi la ndani liwe la sufu au nyuzi za kutengenezwa zinazokauka haraka. Pamba isiguse ngozi yako popote, hata kwenye soksi, kwa sababu ikilowa hukaa na maji na kukupokonya joto. Juu yake sweta jepesi, kisha koti la kuzuia upepo. Koti nene la manyoya likae begini, likusubiri mnaposimama: livae sekunde ile ile unayosimama, kabla hujahisi baridi. Glavu jozi mbili kwa uchache, nyembamba za kufanyia kazi na nene zisizotenganisha vidole, ziwe na kamba ya kiganjani. Glavu moja ikipeperushwa na upepo wa mgongoni, hairudi.

Miwani ya jua si pambo. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na miale yenyewe huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Macho huungua bila kuuma wakati ule. Maumivu huja usiku. Losheni ya jua ipakwe pia chini ya kidevu na puani kwa ndani, maana mwanga unatoka chini.

Begi la mgongoni

Kila mtu abebe vitu vitatu vya maporomoko: bikoni, ufito wa kukunja wa kuchomea theluji wenye urefu wa mita 2.4 hivi, na beleshi la chuma. Bikoni ni redio ndogo inayovaliwa kifuani chini ya koti. Hutuma mawimbi ya kilohezi 457, na ikibadilishwa hutafuta mawimbi ya waliofukiwa. Vitatu hivyo ni kitu kimoja. Mwenye bikoni bila beleshi anaweza kujua rafiki yake alipo na asiweze kumfikia. Na kama hamjawahi kuzika bikoni moja ndani ya mfuko na kuitafuta kwa saa ya kuhesabia, bado hamna vifaa, mna mizigo. Mafunzo ya siku moja kwa mwalimu anayetambulika ni pesa bora kuliko kiatu cha bei.

Ramani ya karatasi na dira viwepo hata kama simu ina kila kitu, kwa kuwa betri hunyauka kwenye baridi. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Tochi ya kichwani ni ya kila mtu, si moja kwa kundi. Ongeza filimbi, kisanduku cha huduma ya kwanza, blanketi la karatasi ya fedha au hema dogo la dharura, kipande cha godoro jembamba la kukalia, na kamba za plastiki za kufungia kiatu kitakachokatika. Kitakatika.

Maji yaanzie kwenye joto. Chupa ilale kichwa chini begini, kwa sababu barafu huanzia juu ya maji na hivyo mdomo hautaziba. Mrija wa kunywea huganda, uache. Chupa moja ya chai ya moto yenye sukari kwa kila watu wawili hubadilisha siku. Chakula kiwe kidogo kidogo, cha kuliwa kwa glavu, kisichogeuka jiwe. Kiweke mfukoni badala ya begini, kwa sababu watu hawavui begi kwenye upepo na hivyo hawali.

Kabla ya hatua ya kwanza

Mtu aliyebaki nyumbani ajue njia, majina na saa ambayo akiwa hajasikia kutoka kwenu atapiga simu ya uokoaji. Hifadhini namba ya uokoaji ya eneo hilo.

Kisha kaguaneni bikoni. Mmoja anatangulia hatua ishirini na bikoni yake ikiwa kwenye kutafuta. Wengine wanampita mmoja mmoja wakiwa kwenye kutuma, na yeye anasikiliza kila mmoja. Baadaye anageuza yake, mwingine anamkagua. Simu na betri zikae mbali na bikoni, sentimita 20 wakati wa kutuma na 50 wakati wa kutafuta. Yote haya ni dakika tatu.

Kupanda

Tembea miguu ikiwa imeachana kidogo kuliko kawaida ili usijikanyage. Kwenye mwinuko inua waya wa kisigino, piga ncha ya kiatu ndani ya theluji, subiri ishike, ndipo uhamishe uzito. Ukivuka ubavu wa mlima, gandamiza ukingo wa upande wa juu kwanza. Ukishindwa kwenda moja kwa moja, pinda zigizaga, na mizunguko yako iwe mipana. Magongo yafupishwe wakati wa kupanda.

Anayetangulia kwenye theluji laini anafanya kazi ya wote. Abadilishwe kila dakika tano au kumi kabla hajaomba: anapisha pembeni, wengine wanapita, yeye anaunga mkia. Mwendo uwe ule mnaoweza kuzungumza. Mkikuta alama za watelezaji wa ski, tengenezeni njia yenu pembeni. Viatu vipana huziharibu kabisa.

Huku mkienda, theluji inawaambia. Nyufa zinazokimbia mbele ya kiatu, poromoko jipya kwenye mteremko wa jirani, jua linalolainisha theluji ghafla, yote ni amri ya kurudi. Kubwa kuliko yote ni sauti: "vumm" nzito chini ya miguu, na ardhi inashuka kidogo kama godoro lililokaliwa ghafla. Hilo ni tabaka dhaifu lililopasuka chini yenu. Kwenye tambarare halidhuru. Kwenye mwinuko wa nyuzi 30 lingekuwa mwanzo wa poromoko. Msijadiliane hapo. Rudini kwa alama zenu hadi mahali salama, mjadala ufanyike huko.

Kama kuna sehemu fupi ya mashaka isiyokwepeka, vukeni mmoja mmoja huku wengine wakimtazama kutoka mahali salama, mikono ikiwa imetolewa kwenye vitanzi vya magongo.

Juu ya mgongo

Simameni mita hamsini kabla ya kutoka kwenye miti, mle, mnywe, mvae koti la upepo, kofia na glavu nene. Huko juu, kufunga zipu moja kunaweza kuchukua dakika na vidole viwili.

Hapo pia ndipo pa kuulizana kwa majina. Vidole vya miguu vipoje? Saa ngapi? Mtu aliyekuwa mcheshi ambaye sasa hajibu anastahili kuulizwa mara ya pili.

Kitu cha kuogopa juu ni upenu wa theluji. Upepo hubeba theluji kutoka upande unaopigwa na kuijenga upande wa demani, yaani ule ambako upepo unaelekea, hadi inaning'inia hewani mita kadhaa. Ukiwa juu yake huoni chochote: unaona uwanja mweupe unaoendelea vizuri kisha unaisha. Upenu haukatiki kwenye ukingo. Mstari wa kukatika unaweza kuwa nyuma sana, juu ya mahali unapodhani ni mlima. Kwa hiyo tembeeni upande unaopigwa na upepo, chini kidogo ya mstari wa juu. Mawe yaliyochomoza na vichaka ni alama nzuri kwamba chini yenu kuna ardhi. Anayetaka picha ya kuchungulia bonde, jibu ni hapana. Hapa msiwe na adabu.

Ukungu ukishuka, anga na theluji huwa kitu kimoja na hujui kama hatua inayofuata inapanda au inashuka. Karibianeni, tumieni dira, na anayetangulia arushe bonge la theluji mbele yake: likitua anaona ardhi, likitoweka amefika ukingoni. Mkilazimika kurusha mabonge zaidi ya mara chache, siku imekwisha. Fuateni alama zenu kurudi kabla upepo haujazifuta, jambo linaloweza kutokea ndani ya nusu saa.

Ukiona ndege au wanyama wa majira ya baridi, wapisheni mbali. Kuwakurupusha huwamalizia akiba ya nguvu ambayo hawana mahali pa kuirudisha.

Kushuka

Refusha magongo, shusha waya wa kisigino, kunja magoti, uzito uwe juu ya visigino ili meno yashike. Hatua fupi. Anayeegemea nyuma sana hukaa chini, anayeogopa na kuegemea mbele huanguka kifudifudi. Usirudi kinyumenyume kwa viatu hivi, mkia utakita na utapinduka; geuka kwa kuzunguka duara dogo. Ukianguka, lala ubavu, geuza viatu vielekee chini ya mteremko, piga magoti, kisha simama kwa magongo yaliyolazwa theluji.

Karibu na shina la mti wenye matawi ya chini huwa kuna shimo lililofunikwa theluji laini. Pita mbali. Na wa mwisho aonekane wakati wote na aliye mbele yake. Kushuka ndiko watu wanakotawanyika, kila mmoja akiwaza gari.

Mambo yakiharibika

Anayejikwaa, anayetamka maneno kwa kuburura, anayeshindwa kufunga mkanda au aliyekuwa mpole akawa mkali bila sababu, baridi imeanza kumwingia. Mkingeni upepo, mvueni kilicholowa, akae juu ya begi na si juu ya theluji, apewe sukari na kinywaji cha moto kama anameza vizuri. Pombe hapana. Aliyekuwa anatetemeka akaacha kutetemeka huku hajapata joto, hali yake ni mbaya. Mshikeni taratibu, mlazeni, piga simu ya uokoaji.

Ngozi iliyokuwa nyekundu ikawa nyeupe na kufa ganzi ipashwe joto kwa ngozi: kiganja shavuni, vidole kwapani. Kamwe usisugue, na theluji usiitumie. Ikiwa imeshakuwa ngumu, usiyeyushe pale kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani. Kuganda mara ya pili huharibu zaidi.

Mtu akifukiwa, waokoaji ni nyinyi. Nafasi yake kubwa iko ndani ya dakika 10 hadi 15 za kwanza, na hakuna helikopta inayowahi hivyo. Kumbukeni mahali alipoonekana mara ya mwisho, hakikisheni hakuna poromoko jingine linalokuja, wote geuzeni bikoni ziwe za kutafuta, mmoja apige simu kwa kifupi. Fuateni mawimbi kuanzia mahali pale kwenda chini ya mteremko. Karibu, bikoni ishushwe hadi usawa wa theluji na kupelekwa kwa umbo la msalaba hadi ionyeshe namba ndogo kabisa ya umbali. Chomeni ufito kwa pembe mraba na uso wa mteremko, kwa duara linalopanuka, sentimita 25 kati ya mchomo na mchomo. Ukigonga mwili, ufito ubaki hapo. Chimbeni kuanzia upande wa chini wa mteremko kuelekea kwake, msichimbe shimo la kwenda chini juu yake. Kichwa kwanza, mdomo na pua zisafishwe, kifua kiachiwe nafasi, ndipo mengine.

Bila mtandao, ishara ya milimani ya kuomba msaada ni filimbi au mwanga mara 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha kurudia. Jibu ni mara 3 kwa dakika. Helikopta ikiwa juu yenu, mtu mmoja ainue mikono yote miwili kwa umbo la Y: tunahitaji msaada. Mkono mmoja juu na mwingine chini: hapana.

Mkisharudi

Mtumieni ujumbe yule wa nyumbani kabla hamjavua buti. Bikoni izimwe garini, si mlimani. Viatu vioshwe kwa maji matupu na vikaushwe mbali na moto, mikanda ikaguliwe ikiwa bado ina unyevu maana hapo nyufa huonekana, ufito na beleshi vikaushwe vikiwa vimefunguliwa. Msimu ukiisha toa betri kwenye bikoni, zisije zikavuja zikaiharibu kabla ya theluji ya mwaka unaofuata.